Brora: wiski iliyopikwa kuziba pengo

Mwaka 2014 kampuni ya Diageo ilitoa sokoni chupa 160 za wiski ya Brora yenye umri wa miaka 40, kila chupa kwa pauni 6,995. Kiwanda kilichoipika kilikuwa kimefungwa tangu 1983, na aliyekifunga ni kampuni ileile ambayo Diageo ilikuja kuirithi. Siku mitambo ilipozimwa hakuna aliyedhani anafukia hazina. Ilikuwa hatua ya kubana matumizi, basi.

Kwa nini kitu ambacho mwenyewe alikihesabu kuwa mzigo kikaja kuuzwa, miaka thelathini baadaye, kwa bei ya gari lililotumika? Jibu jepesi ni kwamba cha nadra huwa ghali. Si uongo, lakini halitoshi. Mwaka huohuo wa 1983 kampuni hiyohiyo ilifunga viwanda vingine kumi vya wiski ya kimea, na majina ya vingi kati yake leo yanajulikana na wakusanyaji wa chupa tu. Brora ina kisa cha peke yake, na kadiri unavyokifuatilia ndivyo unavyogundua kwamba karibu kila kilichoifanya iwe tamu kilitokea bila mtu kukikusudia.

Msomaji asiyegusa kileo asiondoke. Sehemu kubwa ya habari hii ni ya ardhi, mahesabu na makadirio yaliyokwenda kombo.

Majina kwanza

Wengi hupotea kwenye majina, kwa hiyo tuanzie hapo. Nje kidogo ya kijiji cha Brora, pwani ya mashariki ya Sutherland, kaskazini mwa Scotland, kuna viwanda viwili vya wiski vilivyo jirani kabisa, unatoka kimoja na kuingia kingine kwa miguu. Kimoja ni majengo ya mawe ya karne ya 19. Kingine ni jengo la miaka ya 1960 lenye kuta kubwa za vioo, ambalo hata wapenzi wake hawalisifii sura.

Cha mawe kilianzishwa mwaka 1819, na kwa karibu miaka 150 kiliitwa Clynelish. Cha vioo kilijengwa 1967 na 1968, nacho kikapewa jina Clynelish. Cha zamani kikafungwa 1968. Mwaka uliofuata kikafunguliwa tena, na kwa muda fulani kukawa na Clynelish mbili ambazo watu wa kazi walizitofautisha kwa herufi A na B. Kufikia 1975 mkanganyiko ulikuwa umekwisha: kiwanda kipya kilibaki na jina la zamani, na kiwanda cha zamani kilipewa jina jipya, la kijiji. Kikawa Brora.

Maana yake ni kwamba chupa ya Clynelish iliyopikwa mwaka 1960 ilitoka ndani ya kuta ambazo leo zinaitwa Brora. Chupa ya Clynelish iliyopikwa 1980 ilitoka kwenye jengo la vioo. Na Brora yenyewe, ile inayogombewa minadani, ni kazi ya miaka isiyozidi 15: tangu moto ulipowashwa tena 1969 hadi Machi 1983. Kiwanda kina umri wa karne mbili, lakini sifa yake kubwa imesimama juu ya kipande hicho kifupi.

Ardhi iliyofukuza watu wake

Sipendi namna watengenezaji wa pombe kali wanavyosimulia historia zao, kwa milima, maji safi ya mto na babu mwenye ndevu. Historia ya Brora haitaki mapambo hayo, na kwa haki ingesimuliwa kwanza na waliofukuzwa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 eneo la Sutherland, karibu lote, lilikuwa mali ya mwanamke mmoja, Elizabeth, Countess wa Sutherland. Mumewe, Marquess wa Stafford, alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza. Mabonde ya bara yalikaliwa na maelfu ya watu wenye kuzungumza Kigaeli, waliofuga ng'ombe na kulima vishamba vya kukodi. Wasimamizi wa ardhi walipiga hesabu wakaona kondoo wana faida kuliko watu. Kwa zaidi ya miaka kumi familia ziliondolewa mabondeni, na paa za nyumba zikachomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mmoja wa wasimamizi hao, Patrick Sellar, alishtakiwa kwa ukatili wa uhamisho wa bonde la Strathnaver wa mwaka 1814. Alifikishwa mahakamani Inverness mwaka 1816, akaachiwa huru, na baadaye akawa mfugaji mkubwa wa kondoo kwenye ardhi ileile.

Waliohamishwa walipewa vipande vyembamba vya ardhi pwani, wakaambiwa wajifunze uvuvi au watafute kazi ya ujira. Ili kazi hizo ziwepo, mwenye ardhi alianzisha miradi. Brora palikuwa na makaa ya mawe yaliyokuwa yakichimbwa tangu karne ya 16, mgodi ukafufuliwa. Mwaka 1819, mwaka ambao uhamisho wa kutumia moto ulikuwa umepamba kuliko wakati mwingine, kikajengwa kiwanda cha wiski.

Kibiashara mpango ulikuwa na akili. Wakulima wapya wa pwani wangeuza shayiri kiwandani. Mgodi ungeuza makaa ya kuchemshia mitungi ya kupikia wiski. Machicha ya shayiri yangelishwa nguruwe, na samadi ya nguruwe ingerudi mashambani. Zaidi ya hayo, kiwanda chenye leseni kingewakata miguu wapishi wa siri, kwani watu wa mabondeni walikuwa wakipika wiski yao kimyakimya jinsi gongo na chang'aa zinavyopikwa kwetu, na shayiri yao iliishia huko bila serikali wala mwenye ardhi kuona hata senti. Kwa hiyo kiwanda hiki kilizaliwa kama kiungo kimoja katika mpango wa kumgeuza mfugaji wa bondeni kuwa kibarua wa pwani.

Marquess alipandishwa cheo kuwa Duke wa Sutherland mwaka 1833 na kufa mwaka huohuo. Sanamu yake kubwa imesimama juu ya kilima cha Ben Bhraggie, kusini kidogo ya Brora, inaonekana kutoka mbali. Imewahi kuharibiwa na kupigiwa kelele iondolewe. Hadi leo ipo.

Kutoka chupa ya mabwana hadi kiungo cha mchanganyiko

Wapangaji wa mwanzo wa kiwanda, akiwemo James Harper aliyekuwa wa kwanza, hawakupata utajiri. Aliyekinyanyua ni George Lawson, aliyekichukua mwaka 1846 na ambaye familia yake ilikaa nacho kwa miaka hamsini. Katika miaka ya 1880 Clynelish ilikuwa ikiuzwa kwa wateja binafsi tu, ndani na nje ya nchi, na maagizo ya wafanyabiashara wa jumla yalikataliwa. Bei yake ilikuwa miongoni mwa za juu kabisa.

Halafu dunia ya wiski ikabadilika, na hapa inabidi tueleze mambo mawili matatu ya ufundi, maana bila hayo sehemu inayofuata haitaeleweka.

Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue kidogo ili wanga wake uanze kugeuka sukari, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Kimea husagwa na kutiwa maji ya moto, yale maji matamu huongezwa hamira, nayo huchacha mpaka yakawa kitu kinachokaribiana na bia. Huchemshwa mara mbili ndani ya mitungi ya shaba. Kileo hupanda na mvuke kabla ya maji, hupozwa, na hudondoka kikiwa kikali na kisicho na rangi. Kikikaa ndani ya pipa la mwaloni, huko huko Scotland, kwa muda usiopungua miaka mitatu, sheria inaruhusu kiitwe wiski ya Scotland. Rangi yake ya asili na sehemu kubwa ya ladha hutoka kwenye pipa.

Wiski inayopikwa hivyo kwa kimea kitupu ina ladha nzito, na kila kiwanda kina tabia yake. Kuna nyingine hupikwa kwa nafaka mbalimbali kwenye minara mirefu inayofanya kazi bila kusimama. Ni nyepesi na gharama yake ni ndogo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waligundua kwamba ukichanganya hizi mbili unapata kinywaji laini, cha bei nafuu, kisichobadilika mwaka hadi mwaka. Ndizo wiski za mchanganyiko, na Johnnie Walker ni moja yazo. Ndizo zilizoifanya wiski ya Scotland ifike Bombay, Buenos Aires, na baadaye kaunta za baa za Nairobi na Dar es Salaam.

Kiwanda kama Clynelish kikawa muuzaji wa viungo. Thamani yake haikuwa tena chupa yenye jina lake bali nafasi yake kwenye fomyula ya mchanganyaji. Kuanzia 1912 kampuni kubwa ya Distillers Company Limited, maarufu kwa kifupi DCL, ilianza kununua hisa zake, na kufikia 1930 kiwanda kizima kilikuwa mkononi mwake. Mdororo wa uchumi ulikifunga tangu 1931 hadi 1938, na vita vya pili vya dunia vikakisimamisha tena.

Moshi wa kuazima

Miaka ya 1960 ilikuwa ya neema. Marekani ilikunywa, Ulaya ilikunywa, na DCL haikuweza kutosheleza. Mitungi miwili ya Clynelish ya zamani ilikuwa midogo kwa kazi hiyo, ndipo kikajengwa kiwanda kipya chenye mitungi sita iliyonakiliwa umbo kutoka ile miwili. Cha zamani kikafungwa 1968, na kingeishia hapo.

Kilichokiokoa kilitokea upande wa pili wa nchi, kwenye kisiwa cha Islay, pwani ya magharibi. Islay inajulikana kwa wiski zenye moshi. Moshi huo unatokana na piti, yaani udongo mweusi wa majimaji unaofanyika kwa mimea iliyorundikana na kuoza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Hukatwa vipande kama matofali, hukaushwa, huwashwa. Kimea kikikaushwa juu ya moto wa piti hunywa moshi wake, na moshi huo haupotei hata baada ya kuchemshwa mara mbili. Wachanganyaji huutumia kidogo sana, ila ukikosekana, mchanganyiko hupwaya na mnywaji hutambua.

DCL ilihitaji moshi zaidi ya ule ambao Islay ingeweza kuutoa. Tatizo lingezidi kukua baadaye, Caol Ila, mojawapo ya viwanda vyake vikubwa vya kisiwani, ilipobomolewa na kujengwa upya kati ya 1972 na 1974. Lakini huko Sutherland kulikuwa na kiwanda kizima kimelala. Mwaka 1969 kikaamshwa, kikaletewa kimea chenye moshi mwingi, kikaamriwa kupika kitu kinachofanana na wiski ya Islay.

Kwa hiyo Brora ya 1969 hadi 1973, ile ambayo leo watu hupunguza sauti wanapoitaja, ilikuwa mbadala. Ilipikwa iingie kwenye pipa, itoke, itiwe kwenye mchanganyiko, isahauliwe. Caol Ila iliporudi kazini, moshi wa Brora ukapunguzwa, ingawa mara mojamoja walipika tena wenye nguvu kwa kadiri wachanganyaji walivyotaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa wiski yenye moshi hafifu.

Kinachofanya mbadala huu usiwe nakala ya Islay ni kwamba mitungi ya Brora ilikuwa na tabia yake. Waliozoea kuonja huitaja nta kwanza: kinywaji kinafunika ulimi kwa utelezi kama mshumaa uliozimwa punde. Kisha hutaja harufu ya zizi, na wanapolisema hilo wanamaanisha sifa. Ukijumlisha moshi wa piti, unapata mchanganyiko ambao hakuna kiwanda kingine kilichokuwa nao, kwa sababu hakuna mwenye akili zake ambaye angeupanga hivyo mezani.

Nta hiyo ina maelezo ya kifundi, na mimi huyapenda kuliko hadithi zote za chemchemi. Kwa jirani, Clynelish mpya, iligunduliwa kwamba utelezi unatokana na utando unaojijenga taratibu ndani ya matangi yanayopokea kileo kati ya mchemsho wa kwanza na wa pili. Matangi yaliposuguliwa yakang'aa, nta ikatoweka kwenye wiski. Utando ulipoachwa urudi, nta ikarudi. Tangu hapo wanausafisha kwa tahadhari na kuurudisha. Sifa kuu ya wiski inayosifiwa duniani ni uchafu ambao mfanyakazi mwenye bidii angeuondoa.

Ziwa la wiski

Anayepika bia akikosea makadirio, kabla mwezi haujaisha anajua. Anayepika wiski husubiri miaka kumi ndipo ajue, maana kinachopikwa leo kitauzwa wakati ambao hakuna anayeujua utakuwaje. Katika miaka ya 1970 viwanda vilipika kana kwamba kiu ya miaka ya 1960 itaendelea kupanda milele. Haikupanda. Bei ya mafuta ilipaa mwaka 1973 na tena 1979, uchumi wa Uingereza na Marekani ukayumba, na vijana wakahamia vodka na ramu nyeupe, wakiona wiski ni kinywaji cha baba zao. Mapipa yakaendelea kujaa maghalani. Hali hiyo Waskoti waliipa jina ziwa la wiski.

Mwaka 1983 DCL ilichukua kisu. Ilifunga viwanda 11 vya kimea kwa mkupuo: Banff, Benromach, Brora, Dallas Dhu, Glen Albyn, Glen Mhor, Glenlochy, Knockdhu, North Port, Port Ellen na St Magdalene. Mwaka 1985 ikaja awamu nyingine.

Ukiuliza walichaguaje, jibu halina ushairi. Vilifungwa vidogo, vya zamani, vyenye mitambo ya kukarabatiwa, au vilivyo karibu na kingine kinachofanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Brora ilikuwa na sifa zote hizo: mitungi miwili, majengo ya karne iliyopita, na Clynelish mpya mlangoni ikipika mara kadhaa zaidi yake. Port Ellen ilikuwa Islay pamoja na Caol Ila na Lagavulin, zote za DCL. Mmoja ilibidi aondoke. Ubora wa kilichomo ndani ya mapipa haukuwa kigezo. Kwa mchanganyaji, wiski mbili zenye moshi wa kiasi kilekile zinaweza kubadilishana nafasi.

Hatima zao zilitofautiana sana. Mahali pa Glen Albyn na Glen Mhor, mjini Inverness, pakajengwa maduka. North Port ya Brechin nayo ikapisha supamaketi. St Magdalene ya Linlithgow ikageuzwa nyumba za kuishi. Dallas Dhu ikawa makumbusho. Banff ilibomolewa. Knockdhu na Benromach ziliuzwa kwa kampuni nyingine na zikarudi kazini. Brora haikubomolewa wala haikuuzwa. Ilifungwa milango, mitungi ikiwa ndani, na maghala yake yakaendelea kutumika kuhifadhia mapipa ya jirani. Hakuna aliyeona sababu ya kulipia ubomoaji.

Jinsi mzigo ulivyogeuka mali

Mwaka 1986 DCL ilinunuliwa na Guinness katika pambano la soko la hisa lililoishia mahakamani. Mkuu wa Guinness, Ernest Saunders, alihukumiwa kifungo mwaka 1990. Mwaka 1997 Guinness iliungana na Grand Metropolitan, ikazaliwa Diageo, kampuni ambayo kwa miaka mingi ilishikilia hisa nyingi katika East African Breweries. Mapipa ya Brora yalipita mikono hiyo yote kama orodha tu ya bidhaa ghalani.

Kilichobadilika ni mnywaji. Mwaka 1988, kabla ya muungano huo, Guinness ilianza kuuza kwa pamoja wiski sita za kimea, kila moja ikiwakilisha eneo lake na kuuzwa kwa jina la kiwanda chake. Watu wakaanza kuuliza kiwanda kipi, mwaka gani, pipa la aina gani. Waliouliza hivyo hawakukawia kufika kwenye viwanda vilivyokufa. Mwaka 1995 ikaanza safu ya chupa za mapipa adimu, na ndani yake zikatoka Brora za mwaka 1972, zilizotiwa chupani bila kupunguzwa makali. Hapo ndipo jina lilipowaka. Kuanzia 2002 hadi 2017 Diageo ilitoa Brora kila mwaka, nyingi zikiwa na miaka 30 na zaidi, na bei ikawa inapanda.

Kuna jambo moja hapa ambalo naona halitajwi vya kutosha. Wiski ikikaa miaka 30 kwenye pipa zuri, jipya, lenye nguvu, mara nyingi pipa huishinda: unapata juisi ya mbao, chungu na kavu, tabia ya kiwanda imemezwa. Brora haikuwekwa kwenye mapipa mazuri. Kwa kuwa ilikuwa kiungo cha mchanganyiko, ilitiwa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika mara kadhaa, mbao zake zikiwa zimechoka. Pipa lililochoka halitoi mengi, lakini halivamii pia. Kileo kilipumua polepole humo kwa miongo mitatu, kwenye ghala la baridi la pwani ya kaskazini, kikipoteza wastani wa asilimia 2 hivi kwa mwaka kwa mvuke, na nta na moshi vikabaki wima. Laiti wangejua kwamba wanahifadhi kitu cha thamani, wangekitilia kwenye mapipa bora, na pengine wangekiharibu.

Kwa hiyo hesabu ya Brora ni hii: ilipikwa kwa mtindo usio wake ili kuziba pengo la mwingine, ikatiwa mapipa hafifu kwa sababu haikuhesabiwa, ikaachwa muda mrefu kupita kiasi kwa sababu hakukuwa na mnunuzi. Kisha kiwanda kikafungwa, ikawa haiwezi kuongezwa. Ukiondoa lolote kati ya hayo, haipo.

Mwaka 2019, kiwanda kilipotimiza miaka 200, Diageo ilitoa chupa 1,819 za Brora ya miaka 40 kwa pauni 4,500 kila moja. Mwaka 2021 zikatoka seti 300 za chupa tatu, kila seti pauni 30,000: ya 1972, ya 1977 na ya 1982. Bei ni ya kuchekesha, ila uchaguzi wa miaka ni wa kielimu. Ya 1972 ni moshi wa kuazima katika kilele chake, ya 1977 ni moja ya mapishi ya moshi yaliyorudi kwa vipindi, na ya 1982 ni nta yenyewe, moshi ukiwa nyuma.

Kupanga upya kilichotokea kwa bahati

Oktoba 2017 Diageo ilitangaza kutumia pauni milioni 35 kufufua Brora na Port Ellen. Kazi ya Brora ilikamilika Mei 2021, baada ya kucheleweshwa na korona. Nyumba ya mitungi ilikuwa imechakaa kiasi kwamba ilibidi ibomolewe na kujengwa tena kwa mawe yaleyale. Mitungi miwili ya awali ilisafirishwa hadi kwa mafundi shaba wa Alloa, ikatengenezwa na kurudishwa. Mvuke hupozwa kwa njia ya zamani, kwa bomba refu la shaba lililojizungusha ndani ya pipa kubwa la maji baridi lililo nje, njia ambayo viwanda vingi viliiacha kwa sababu inakula maji na nafasi. Humpa mvuke muda mfupi wa kugusana na shaba, na hivyo kileo hutoka kizito zaidi. Uwezo wa kiwanda ni lita 800,000 kwa mwaka, ambao kwa viwango vya leo ni mdogo.

Mtu aliyekabidhiwa kukiongoza kiwanda kilipofunguliwa ni mwenyeji wa kijiji, na baba yake alikuwa ofisa wa ushuru palepale. Mwaka 1983 baba huyo aliandika daftarini kwamba Brora imeanza msimu wa ukimya, muda wake haujulikani. Ni lugha ya kawaida ya kiofisi, kwani kila kiwanda huwa na msimu wa ukimya wa wiki chache kila mwaka kwa ajili ya matengenezo. Huu ulichukua miaka 38.

Ugumu uliobaki hauko kwenye mawe wala shaba. Wapishi wa leo wana kumbukumbu za uzalishaji na wana wiski ya zamani ya kulinganishia, na walilenga kwanza mtindo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenye nta na moshi kidogo. Wanajua kuhusu utando wa matangi. Lakini wanapika kwa kukusudia. Kila lita inayotoka sasa inajulikana tangu siku ya kwanza kuwa ni Brora, kinywaji cha anasa. Itapewa mapipa ya kuchaguliwa, itaonjwa kila mara, na wenye hisa watataka fedha zao kabla ya miaka 40 kuisha. Mimi sina shaka kwamba itakuwa wiski nzuri. Naona tu kwamba kupika kitu kizuri ni kazi tofauti na kukisahau kwa ustadi ule.

Kileo cha kwanza cha Mei 2021 kilifikisha miaka mitatu inayotakiwa na sheria mnamo 2024, kwa hiyo kisheria tayari ni wiski. Kwa mizani ya Brora bado ni mtoto wa kunyonya.

Kwa anayetaka kuonja nta inayosemwa bila kuuza kiwanja, njia ipo, na iko kwenye jengo la vioo ambalo hakuna anayelipiga picha. Clynelish ya miaka 14, yenye kileo cha asilimia 46, inapikwa kwenye mitungi iliyonakiliwa kutoka Brora, na utando wa matangi yake unaachwa pale kwa makusudi. Haina moshi wa kutajika. Ndani ya Johnnie Walker nyingi ipo pia, kwa kuwa Clynelish imekuwa kiungo chake kwa miongo mingi, hivyo kuna wasomaji ambao wameshainywa mara nyingi bila kutambulishwa.